Istilahi za Saitokini na Uelewa wa Mwako wa Misuli ya Moyo katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanafafanua dhima ya saitokini, yaani protini zinazobeba ishara za kinga ya mwili, katika mwako wa misuli ya moyo. Aidha, yanachunguza ni kwa kiasi gani Kiswahili cha mawasiliano ya afya kinaweza kulieleza jambo hilo kwa wakazi wa Busia na Tororo katika mpaka wa Kenya na Uganda. Hoja kuu ni kwamba neno kinga limezoeleka kama jina la kitu kinachopungua au kuongezeka tu, na kwamba sitiari ya askari inayoandamana nalo inaficha ukweli muhimu wa kitabibu: moyo unaweza kuumizwa na ishara zilezile zinazoulinda. Makala yanapendekeza vigezo vya kuteua istilahi na sitiari zitakazowafaa watafiti, washauri wa sera na wahudumu wa afya wa pande zote mbili za mpaka.

1.0 Utangulizi

Neno la Kiswahili lililoufundisha umma wa Afrika Mashariki kuhusu kinga ya mwili kuliko neno jingine lolote ni UKIMWI. Kifupisho hiki kiliundwa kwa umahiri: kwa herufi sita tu msikilizaji hupewa jina la ugonjwa pamoja na maelezo yake, yaani upungufu wa kinga mwilini. Katika vijiji vya Tororo na Busia upande wa Uganda, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 wahudumu walipita kwa pikipiki nyumba hadi nyumba wakipeleka dawa za kupunguza makali ya virusi, funzo hilo liliingia hadi jikoni. Kinga ni kitu ambacho mtu anacho au amepungukiwa nacho. Ikishuka, mtu huugua. Ikipanda, hupata nafuu.

Funzo hilo ni la kweli kwa ugonjwa uliokusudiwa. Tatizo huanza pale linapochukuliwa kuwa funzo la kinga yote. Yapo magonjwa ambayo ndani yake kinga haikupungua hata chembe, bali imeelekezwa mahali pasipostahili au imekataa kutulia baada ya kazi kwisha. Mwako wa misuli ya moyo ni mojawapo. Mzazi aliyezoea kipimo cha kushuka na kupanda akiambiwa kwamba moyo wa mtoto wake umeharibiwa na kinga ya mtoto huyohuyo, atauliza swali ambalo lugha haijamwandalia jibu: kinga inawezaje kudhuru? Na akipita sokoni akakutana na chupa ya mitishamba inayonadiwa kuwa inaongeza kinga, hana sababu ya kuiacha.

Kwa hiyo suala linalojadiliwa hapa ni la isimu na la tiba kwa pamoja. Lakoff na Johnson (1980) walionyesha kwamba sitiari huongoza namna watu wanavyofikiri na kutenda, na si pambo la usemi pekee. Cabré (1999), kwa upande wake, alisisitiza kwamba istilahi hupimwa katika mawasiliano halisi baina ya watu wenye viwango tofauti vya ujuzi, si katika orodha ya kamati peke yake. Mawazo hayo mawili yanatosha kuuongoza mjadala huu.

2.0 Mpaka na lugha zake

Mji wa Busia umekatwa na mpaka wa kimataifa, na kila upande unaitwa Busia. Kaskazini yake, Malaba nayo imekaa pande zote mbili, upande wa Uganda ikiwa ndani ya Wilaya ya Tororo. Ateso huzungumzwa Kenya na Uganda. Vivyo hivyo Lusamia. Upande wa Kenya kuna pia Lukhayo na Lumarachi. Upande wa Uganda kuna Lugwe, Lunyole na Dhopadhola, ambayo ni lugha ya kundi la Kilwoo, huku Luganda ikitumika sana katika biashara. Mwenyeji wa kawaida wa eneo hili humudu lugha tatu au nne bila kuona kuwa amefanya jambo la ajabu.

Kiswahili ndicho kinachovuka geti kwa urahisi zaidi, lakini hakisimami katika hadhi ileile kila upande. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likaidhinisha hatua za utekelezaji mwezi Julai 2022. Kabla ya hapo, kwa miongo mingi, Kiswahili kilisikika Uganda hasa kupitia jeshi na polisi, tangu enzi za kikosi cha King's African Rifles, na amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 ya kukifanya lugha ya taifa haikukiondolea harufu ya kambi. Jambo hili lina uzito wake katika mada iliyopo. Anaposema mhudumu kwamba mwilini mna askari, upande mmoja wa mpaka husikia taswira ya shuleni tu, ilhali upande wa pili wako wazee ambao lugha yenyewe iliwafikia mara ya kwanza kupitia kinywa cha askari.

Tangu Kituo cha Pamoja cha Mpakani kilipozinduliwa rasmi Busia mwezi Februari 2018, taratibu za kuvuka zimerahisishwa kwa watu na mizigo. Taarifa za afya hazijapata kituo cha namna hiyo. Mgonjwa wa moyo anaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia, akaenda kukaa kwa shangazi yake upande wa pili, na akaendelea na matibabu Masafu au Tororo. Kadi yake imeandikwa kwa Kiingereza, nayo maelezo aliyopewa kwa mdomo yametolewa kwa Kiswahili au kwa mojawapo ya lugha zilizotajwa. Kinachosafiri naye ni lile alilolielewa.

3.0 Saitokini ni nini

Mwaka 1957, Alick Isaacs na Jean Lindenmann, wakifanya kazi London, waligundua kwamba seli zilizokutana na virusi hutoa kitu kinachozifanya seli nyingine zisiambukizwe kwa urahisi. Wakakiita intaferoni, kwa kuwa kiliingilia kati kuzaana kwa virusi. Mwaka 1974 Stanley Cohen alipendekeza jina saitokini kwa kundi pana la protini za namna hiyo, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya seli na mwendo. Mwaka 1979 likaja jina intaliukini, lenye maana ya kitu kinachopita baina ya chembe nyeupe za damu. Jina hilo lilipitwa na ukweli mapema, kwani ilibainika kwamba seli za ngozi, za mishipa na za misuli nazo hutoa na kupokea protini hizo. Wanaistilahi wa Kiswahili wanaodhani kwamba Kiingereza kina majina yaliyotulia na kwamba Kiswahili ndicho kinachobabaika, wangefaidika kwa kuisoma historia hii.

Utendaji wake ni huu. Seli inayohisi hatari hutengeneza protini ndogo na kuitoa nje. Protini hiyo husafiri, mara nyingi mwendo mfupi sana, hadi ikutane na seli yenye kipokezi kinachooana nayo. Ikishika kipokezi, mfululizo wa mabadiliko hupita ndani ya seli hadi kwenye kiini, na jeni fulani huwashwa au kuzimwa. Protini yenyewe haiui kijidudu. Inabeba habari, nayo seli iliyopokea habari ndiyo hutenda: huzaana, huhama, hutoa sumu, hutoa ishara nyingine, au hutulia.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ishara moja hutoa matokeo tofauti kulingana na seli iliyoipokea, wakati ilipopokelewa na ishara nyingine zilizokuwapo. Mwanaisimu hana haja ya kuelezwa sana hapa, kwa maana ameyaona katika polisemia. Neno kaa halina maana mpaka lijulikane limesemwa wapi. Intaferoni gama, kwa mfano, huchochea seli za kinga ziwe kali. Lakini katika majaribio ya panya waliofanyiziwa mwako wa moyo, wale waliokosa protini hiyo waliugua zaidi badala ya kupona. Protini ambayo kitabu kimoja kinaiita kichochezi, kitabu kingine kingeweza kuiita kizuizi, na vyote viwili visiwe vimekosea.

4.0 Kinachotokea katika moyo

Misuli ya moyo haina nafasi ya kupumzika, na seli zake zikifa hujazwa upya kwa kiasi kidogo mno. Pengo huzibwa kwa kovu. Ndiyo maana mwako unaovumilika katika ngozi au koo unaweza kuwa balaa katika moyo.

Katika sura yake ya kawaida, ugonjwa huanza na virusi, miongoni mwao vile vya kundi la Coxsackie B. Virusi vinapoingia katika seli za misuli ya moyo, seli hizo hutoa intaferoni kuwaonya majirani. Seli zinazomeza uchafu hutoa intaliukini 1 beta, intaliukini 6 na protini inayojulikana kwa kifupi TNF. Kemokini, ambazo ni saitokini zinazoelekeza njia, huvuta chembe nyeupe kutoka kwenye damu. Mpaka hapa yote ni kwa faida ya mgonjwa. Bila mwitiko huo virusi vingeenea. Lakini TNF na intaliukini 1 beta hupunguza pia nguvu ya msuli kujikaza. Mgonjwa huanza kuchoka, huhema, hupata maumivu ya kifua au mapigo yasiyo na mpangilio. Kipimo cha damu huonyesha troponini, protini ya ndani ya msuli ambayo imevuja kwa sababu seli zimepasuka.

Baadaye hutokea moja kati ya mambo mawili. Kwa wagonjwa wengi, ishara za kutuliza kama vile intaliukini 10 huchukua nafasi, chembe zilizoitwa hutawanyika, na moyo hurudia kazi yake. Kwa wengine mwako huendelea ijapokuwa virusi vimekwisha. Vipande vya protini za moyo vilivyomwagika huonekana mbele ya kinga kana kwamba ni vitu vigeni. Ishara nyingine, miongoni mwao ile inayoitwa TGF beta, huziamuru seli za utando zitengeneze kovu. Na moyo hutanuka na kulegea. Katika utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2010, Baldeviano na wenzake walionyesha kwamba intaliukini 17 haikuwa ya lazima ili mwako uanze, bali ilikuwa ya lazima ili moyo ufikie hatua ya kutanuka. Yaani ishara inayowasha si lazima iwe ndiyo inayoharibu.

Hapo ndipo tiba ilipojikwaa. Ikiwa ishara zinadhuru, kwa nini zisizibwe? Mwaka 1995 matokeo ya jaribio lililowahusisha wagonjwa 111 wa mwako wa misuli ya moyo yalionyesha kwamba dawa za kuzima kinga kwa jumla hazikuwapa nafuu iliyotarajiwa. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio jingine, lililoitwa ATTACH, kwa wagonjwa 150 ambao mioyo yao imeshindwa kusukuma damu ipasavyo. Walipewa dawa inayoziba TNF. Waliopewa kipimo kikubwa walilazwa na kufa zaidi ya wale ambao hawakupewa. Mwaka 2017 jaribio la CANTOS, lenye wagonjwa 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo, lilionyesha kwamba kuziba intaliukini 1 beta kulipunguza matukio ya moyo na mishipa kwa takriban asilimia 15 kwa kipimo kimojawapo. Lakini maambukizi yenye kuua yaliongezeka, na idadi ya vifo kwa jumla haikupungua. Katika eneo lenye kifua kikuu na malaria, tahadhari hiyo ya mwisho si ya kupuuzwa hata kidogo.

Kinga, basi, si bomba la maji ambalo mtu hufungua au kufunga. Sera itakayojengwa juu ya taswira ya kuongeza kinga itakosea, na itakayojengwa juu ya taswira ya kuizima itakosea vilevile.

5.0 Homa ya rumatiki: mfano ulio karibu

Mwako wa moyo unaosababishwa na virusi ni mgumu kuthibitishwa katika hospitali za wilaya, kwa kuwa unahitaji vipimo ambavyo havipatikani kila mahali. Mfano unaoihusu zaidi Afrika Mashariki, na ambao una kinga inayojulikana ya bei nafuu, ni homa ya rumatiki. Huanza na koo la mtoto, kwa kawaida mwenye umri wa kati ya miaka 5 na 15, lililoambukizwa na bakteria wa streptokoka kundi A. Koo hupona. Baada ya wiki mbili au tatu viungo vinauma na kuvimba, na moyo unashikwa: utando wake, misuli yake na vali zake. Sababu ni kwamba protini fulani ya bakteria inafanana kwa sehemu na protini za moyo, na chembe zilizofundishwa kumtambua bakteria humwona adui katika nyumba isiyo yake.

Watafiti wa São Paulo wakiongozwa na Luiza Guilherme walichunguza tishu za moyo za wagonjwa hawa na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Katika misuli walikuta kwa wingi chembe zinazotoa intaliukini 4, ambayo ni ishara ya kutuliza. Katika vali chembe hizo zilikuwa chache, huku zile za intaferoni gama na TNF zikitawala. Tofauti hiyo inasaidia kueleza jambo ambalo madaktari walikuwa wameliona muda mrefu: mwako wa misuli hupoa, bali vali huendelea kuharibika mwaka hadi mwaka. Moyo mmoja, maambukizi yaleyale, na matokeo mawili kwa sababu ya mchanganyiko wa ishara.

Uganda imechangia ushahidi mkubwa kuhusu namna ya kulikatiza jambo hili. Katika jaribio la GOAL lililofanyika kaskazini mwa nchi na kuchapishwa mwaka 2021, watoto na vijana wenye dalili za awali za ugonjwa wa vali, ambao wenyewe hawakujisikia kuumwa, waligawanywa makundi mawili. Waliochomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, ni asilimia 0.8 tu waliozidiwa. Wasiochomwa, asilimia 8.2. Penisilini haigusi saitokini. Inamzuia bakteria asirudi kooni, na hivyo kinga haipewi sababu ya kuanza upya.

Sasa itazamwe kazi ya mhudumu anayepaswa kumshawishi mama amlete mtoto asiyeumwa achomwe sindano yenye maumivu makali kila mwezi. Kwa sitiari ya upungufu, sindano hiyo haina maana: mtoto ana nguvu, anacheza, kinga yake iko juu. Jina la ugonjwa nalo halimsaidii. Katika Kiswahili maradhi ya viungo huitwa baridi yabisi, istilahi iliyotoka katika utabibu wa Kiarabu uliogawanya hali za mwili kuwa za joto na baridi, unyevu na ukavu. Yabisi ni kavu. Homa ya rumatiki ikifasiriwa kwa kutumia maneno hayo, msikilizaji hufikiria magoti ya bibi na asubuhi zenye ukungu, wala hafikirii koo la mwanafunzi wa darasa la tatu. Afadhali kuiacha rumatiki katika umbo la mkopo, na kuongeza maelezo: homa ya koo inayofika moyoni.

6.0 Uvimbe, mwako na nduru

Ugumu mkubwa zaidi wa istilahi umejificha katika neno la kawaida kabisa, uvimbe. Kiswahili hulitumia kwa kila kitu kilichofura: jipu, mguu uliojaa maji, na pia saratani. Daktari anayesema uvimbe wa misuli ya moyo anakusudia mwako. Mgonjwa anaweza kuondoka akiamini kwamba ana donge kifuani linalopaswa kukatwa. Utata huu hufikia kilele katika jina la TNF. Protini hiyo ilipewa jina lake mwaka 1975 kwa sababu ilionekana kuua tishu za saratani katika panya. Mfasiri anayefuata neno kwa neno ataandika protini iuayo uvimbe. Msomaji ambaye kwake uvimbe ni mwako ataelewa kwamba protini hii hutibu mwako, na hiyo ni kinyume kabisa cha ukweli, kwa kuwa ni miongoni mwa waanzishaji wake wakubwa. Tafsiri haina kosa lolote la sarufi, na bado inaweza kumpotosha mwanafunzi wa uuguzi katika swali la kwanza la mtihani.

Makala haya yanatumia mwako. Neno mchomo lipo, lakini hudokeza maumivu ya kuchomwachomwa, na kichomi tayari ni jina la ugonjwa wa kifua. Inamesheni au inflamesheni hutamkika kwa wataalamu, ila haimsaidii asiyejua Kiingereza. Mwako una faida ya kubeba taswira ileile ya moto iliyomo katika neno la Kilatini na katika neno la Kiarabu iltihabu. Ni kweli kwamba Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilifungua mlango wa istilahi za sayansi ambamo mwako una kazi yake katika kemia. Lakini muktadha wa moyo na ule wa makaa ya mawe haviwezi kuchanganywa kirahisi. Kingamwili nayo inahitaji kuwekewa mipaka: baadhi ya matini huitumia kwa protini mahususi zinazomshika kijidudu, na mengine huitumia kwa mfumo mzima.

Kuhusu saitokini yenyewe, umbo la mkopo linafaa kwa wataalamu na halina sababu ya kupingwa. Kinachokosekana ni sitiari ya kulisindikiza kijijini. Mwaka 2020, malori yalipopanga foleni ndefu Busia na Malaba madereva wakisubiri vipimo vya korona, vyombo vya habari vilieneza dhana ya dhoruba ya saitokini. Dhoruba ni taswira yenye nguvu, lakini inasema kitu kimoja tu, kwamba ishara zimekuwa nyingi mno. Haisemi kwamba zilihitajika, wala kwamba madhara yanaweza kuletwa na ishara ndogo inayodumu.

Eneo la mpaka lina neno lililo bora zaidi. Katika Kiswahili cha Kenya kupiga nduru ni kupaza ukelele wa kuomba msaada. Waganda huita enduulu, nao Wajaluo husema nduru. Nduru ikisikika usiku, majirani hutoka na marungu. Ni wajibu; kijiji kisichoitikia nduru hakiko salama. Lakini kila mtu mzima wa Busia au Tororo anajua pia kwamba umati ulioitwa kwa nduru unaweza kumkosea mtu, na kwamba asipotokea wa kusema tulieni, asiye na hatia huumia na nyumba huchomwa. Sitiari hii inabeba vyote ambavyo ile ya askari imeshindwa kuvibeba: ishara si mpiganaji, huhitajika, huitwa watu wengine, anayeelekezewa anaweza kuwa siye, na kuna ishara ya pili ya kuwatawanya waliokuja. Kwa maandishi rasmi, mbiu inaweza kushika nafasi hiyo, kwa sababu methali ya mbiu ya mgambo inajulikana na kila aliyepita shule.

Sitiari hii ina hatari yake. Katika jamii iliyoona watu wakiuawa na umati, nduru si neno baridi. Mhudumu atalazimika kupima nyumba anayoingia.

7.0 Elimu iliyotoka Tororo na isiyorudi

Isidhaniwe kwamba mada hii ni ya maabara za mbali. Mwaka 2014 Jagannathan na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Tororo, eneo ambalo maambukizi ya malaria yalikuwa makali sana. Waligundua kwamba kwa watoto walioumwa na mbu mara nyingi, chembe zilizotawala katika mwitiko wa kinga dhidi ya malaria zilikuwa zile zinazotoa intaferoni gama na intaliukini 10 kwa pamoja, yaani ishara ya kuchochea na ya kutuliza kutoka katika chembe moja. Hao si wagonjwa wa moyo, lakini protini ni zilezile zilizotajwa katika sehemu zilizotangulia, na somo ni lilelile: mwili unaoishi na hatari ya kila siku hujifunza kupiga nduru na kusema tulieni kwa pumzi moja.

Maarifa hayo yalipatikana kwa damu ya watoto wa Tororo, yakachapishwa kwa Kiingereza, na yanasomwa vyuo vikuu vya dunia nzima. Mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari ya hapohapo hana aya moja ya Kiswahili, wala ya Dhopadhola, ya kuwaeleza wanafunzi wake kilichogunduliwa katika miili yao. Jambo hili linapaswa kuzishughulisha kamati za maadili ya utafiti kama vile linavyowashughulisha wanaisimu, kwa kuwa ridhaa ya mshiriki hutegemea neno alilopewa.

Uwezo wa kitaasisi upo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. BAKITA, iliyoundwa mwaka 1967, ina uzoefu wa usanifishaji. Kituo cha umahiri cha Jumuiya katika sayansi ya moyo na mishipa kimewekwa Tanzania, nchi ambayo madaktari wake hueleza magonjwa ya moyo kwa Kiswahili kila siku. Kwa upande wa jamii, Uganda ina timu za afya za vijiji, na Kenya mwaka 2023 iliwaingiza kazini wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000. Azimio la Baraza la Afya Duniani la mwaka 2018 kuhusu homa ya rumatiki na ugonjwa wa moyo utokanao nayo linazitaka nchi wanachama zichukue hatua. Lugha ya kuchukulia hatua hizo haikutajwa kwa undani, na hapo ndipo wanaistilahi wanapopata kazi.

Pendekezo la kwanza ni kwamba istilahi za kinga zisisanifishwe moja moja bali kwa mtandao, ili uvimbe, mwako, saitokini, kingamwili na TNF ziamuliwe mezani pamoja. La pili ni kwamba kila istilahi ipimwe kabla ya kuidhinishwa, kwa njia rahisi: mhudumu aieleze, msikilizaji arudie kwa maneno yake, na kilichorudiwa kilinganishwe na kilichokusudiwa. Kipimo hicho kifanyike pande zote mbili za mpaka, kwa sababu neno linaloeleweka Busia ya Kenya huenda likakwama umbali wa mita mia mbili.

La tatu linahusu kadi ya sindano. Nyuma ya kadi ya Kiingereza pana nafasi tupu. Paandikwe kwa Kiswahili, na chini yake kwa lugha ya nyumbani ya mgonjwa, maneno ya namna hii: “Sindano hii haiongezi kinga wala haipunguzi. Inazuia ugonjwa wa koo usirudi. Koo likiugua tena, mwili hupiga nduru, na moyo ndio unaopigwa. Ukivuka mpaka, onyesha kadi hii; tarehe ya sindano ijayo ni…”